Uzi Uliofungwa Baadaye

Jina la Povu alilipatia msibani, wala si kwenye karai la kufulia kama wageni wanavyodhani. Siku aliyozikwa mkewe, watu walimjia mmoja mmoja, wakamshika mkono na kumwambia yale tunayoambiana siku zote: jikaze, ametangulia tu, mtaonana. Akajikaza kwa wa kwanza, akajikaza kwa wa pili. Alipofika shemeji yake na maneno yale yale, mzee akamjibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa saa, "Hajatangulia popote, shemeji. Mtu ni kama povu. Likipasuka hukai ukauliza limeelekea wapi."

Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo nyuma ya nyumba waliacha kuosha. Kuanzia siku hiyo mzee wa watu akawa Mzee Povu, naye akaitika, maana hakuwa mtu wa kugombania jina.

Ungedhani mtu mwenye maneno kama hayo amekata kamba, anaishi anavyotaka. Lakini Povu alishika amri kama mtoto aliyefundishwa jana. Uongo hasemi, hata ule mdogo wa kumwambia mteja "nguo yako iko kambani" wakati bado iko kapuni. Mtu akianza kusengenywa, yeye anafungulia bomba mpaka mwisho asisikie. Jumapili hagusi sabuni. Kanisani anakaa benchi la nyuma kabisa. Nyimbo za kushukuru mvua na chakula anaziimba mpaka mishipa ya shingo inasimama. Zile za kuvuka ng'ambo anafunga mdomo na kuangalia viatu vyake. Mchungaji aliwahi kumwuliza, "Sasa mzee wangu, humu unakuja kufanya nini?" Akasema, "Kukumbushwa, baba. Mimi msahaulifu."

Juu ya hayo alikuwa akimtunza mama mzaa mke wake, bibi kizee ambaye macho yalikuwa yamefifia lakini ulimi ulibaki na makali yote. Mkewe kabla hajakata roho alimwomba asimwache mama yake. Watu wakamshauri: aliyekuomba hayupo, na wewe mwenyewe unasema hayupo popote, mrudishe bibi kwa wanawe wengine upumzike. Povu akasema, "Aliyeomba hayupo. Aliyeahidi yupo." Akaendelea kumkorogea uji. Bibi naye, mcha Mungu wa kupindukia, kila asubuhi alimpa onyo lake.

"Utaungua wewe, mkwe."

"Nikiungua, mama, nani atakukorogea uji?"

"Koroga kwanza. Utaungua baadaye."

Haya yote Povu aliyasimulia mwenyewe kazini akicheka, na aliyekuwa akimsikiliza ni mwanamke mmoja tu, waliyemwita Mama Pasi kwa sababu ya kazi yake. Mahali penyewe hapakuwa pakubwa. Mbele palikuwa na kaunta ya mbao, wateja wanapoacha nguo. Nyuma ya kaunta meza ya Mama Pasi, iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye alama za kuungua. Kisha mlango wa kutokea uani, kwenye bomba, makarai na kamba za kuanikia. Mwenye mali waliyemwita Tajiri, ingawa utajiri wake wote ulikuwa mashine moja inayokoroma kuliko inavyofua, alishinda nje kwenye kiti cha plastiki akisalimiana na barabara.

Mama Pasi alikuwa na mtoto mmoja, binti ambaye hata jino alikuwa hajaota. Baba wa mtoto alikuwa mbali, akitafuta, na kutafuta si kupata. Kwa hiyo alikwenda na mtoto kazini, ama mgongoni, ama amelala kwenye kapu la nguo safi chini ya meza. Tajiri hakupenda. Alikuwa ameshamwambia, "Siku nitakaposikia mteja ananung'unika, mama, utachagua: kapu au kazi." Povu ndiye aliyelitandika lile kapu, kwa taulo iliyosahauliwa na mwenyewe miaka na miaka. "Huyu ndiye bosi wetu wa kweli," alikuwa akisema. "Akilia, kazi inasimama."

Walikuwa na utani wao. Umeme ukikatika, Mama Pasi akingoja pasi ya mkaa ishike moto, humchokoza.

"Baba, kama moto hakuna, mbona sijakuona hata siku moja umebeba kipande cha sabuni kwenda nacho nyumbani?"

"Kwani sabuni ni ya Shetani? Ni ya Tajiri."

"Tajiri haoni."

"Mimi naona. Sina bahati, binti. Mwenzio sijajaliwa upofu."

Mama Pasi hucheka, kisha humhurumia kimoyomoyo. Yeye alikuwa mtu wa kuomba. Aliomba akichochea mkaa, aliomba akinyonyesha. Alimwona Povu kama mtu anayelima shamba la watu: jasho lote lile, na mavuno hana.

Sasa, pale kazini walikuwa na desturi moja. Nguo isiyotakiwa kuguswa na maji, Mama Pasi aliifunga uzi mwekundu kwenye tundu la kifungo palepale kaunta, kabla mteja hajageuza mgongo. Nyuzi zenyewe zilikaa kwenye kopo la maziwa. Povu akiona uzi, nguo anaiacha mezani kwa pasi. Asipoona uzi, nguo inaingia karaini. Hawakuwa na haja ya kuulizana. Uzi ukisema, umesema.

Asubuhi moja akaja mkunga. Mtaa mzima ulimjua, na Mama Pasi zaidi ya wengine, kwa sababu mikono yake ndiyo iliyompokea yule binti wa kapuni, siku mtoto alipokuja ametanguliza miguu na watu wazima ndani ya chumba wameanza kuangaliana. Mkunga huyu alikuwa na mwana mmoja tu, fundi wa kuchomelea mageti, kijana mrefu mwenye kicheko. Homa ilimchukua kabla ya mvua. Tangu hapo mkunga aliendelea kupokea watoto wa watu, ila alikuwa haimbi tena akiwaosha.

Alikuja na mfuko wa plastiki, ameubeba kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Ndani mlikuwa na shati jeupe la mikono mirefu.

"Mwanangu, hili usilitie maji," alisema. "Alilivaa kabla ya kuugua, sikuwahi kulifua. Kola bado ina jasho lake. Ninyooshee mgongo na mikono tu, pasi isikaribie kola. Nataka kulitundika ukutani."

Mama Pasi alilipokea kwa mikono miwili. "Nafunga uzi sasa hivi, mama. Maji hayataligusa."

Na hapohapo mtoto akalia, kile kilio cha aliyejichafua mpaka mgongoni. Mkunga akatabasamu, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona usoni mwake kwa muda mrefu. "Nenda kamshughulikie. Huyo hajui kungoja, namfahamu tangu mlangoni." Akaenda zake.

Mama Pasi aliliweka shati mwisho wa kaunta, juu ya nguo nyingine. Akamwosha mtoto, akambadilisha, akamnyonyesha kidogo ili atulie, akamwimbia. Alipomaliza kulikuwa na mteja mwingine anagonga mbao kwa funguo. Shati likamtoka akilini kama ndoto inavyomtoka mtu akishaamka.

Aliliona mchana, kambani.

Alisimama mlangoni pa ua, mtoto mgongoni, akaliangalia linavyopepea. Kwanza alijiambia ni shati jingine, mashati meupe ni mengi. Akasogea. Akashika kola, akaileta puani. Sabuni na jua. Povu alikuwa ameisugua kola ile kwa brashi laini, pole pole, kama alivyozisugua kola zote, bila kuacha hata alama. Kazi nzuri, ya mtu mwaminifu.

Angesema hapohapo, mambo yangeishia hapo. Povu alikuwa amekwenda kumlisha mkwe wake, Tajiri alikuwa nje anabishana juu ya mpira. Mama Pasi alifikiria kapu na kazi. Akarudi ndani, akatoa uzi mwekundu kwenye kopo, akaangalia kulia na kushoto, akaufunga kwenye tundu la pili la shati lililokuwa limekwisha kauka. Vidole vyake vilikuwa vimezoea. Fundo likatoka zuri. Kisha akaenda kunawa mikono, na hakujua ananawa nini.

Mkunga alirudi jioni. Mama Pasi alimpa shati bila kumtazama usoni, akajifanya anahangaika na kamba ya pasi. Mkunga hakulikunjua. Alilileta shati usoni tu, kama mama anavyombusu mtoto. Halafu akalileta tena. Halafu akakaa kwenye benchi la wateja, taratibu, mkono mmoja ukitafuta benchi liko wapi.

"Mmelifua," alisema.

Tajiri aliingia, akamwita Povu, akalinyanyua shati. "Mzee, uzi huu hapa. Mwekundu kama pilipili. Hukuuona?"

Povu aliukaribia. Ule uzi ulikuwa wa bei ya chini, wa kuchuja rangi. Ukilowa kidogo tu unatapika wekundu kwenye kitambaa. Huu ulikuwa mkavu, unang'aa, na tundu lake la kifungo lilikuwa jeupe. Watu wawili tu ndani ya chumba kile walilijua jambo hilo. Povu aliutazama uzi. Akamtazama Mama Pasi. Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa anamchekea, maana alimzoea.

"Mimi sikuona uzi," alisema.

"Kwa hiyo binti ameongopa?"

"Nasema sikuona uzi."

"Mama Pasi," Tajiri akasema, "ulifunga au hukufunga?"

"Nilifunga," Mama Pasi akasema. Sauti ilitoka mara moja, hata yeye mwenyewe akashangaa ilivyo tayari.

Mkunga aliinua kichwa. "Mtamwuliza nini huyu mzee," alisema, na hakusema kwa hasira, na hiyo ikawa mbaya zaidi. "Mtu aliyemwita mkewe povu siku ya maziko yake. Shati la marehemu kwake si ni kitambaa tu? Asiyeogopa kaburi ataogopa uongo?"

Tajiri akaona amepata hukumu ya bure. Akasema mambo ya jina la biashara, na watu wasio na hofu ya Mungu, na kwamba kesho asije. Povu hakubisha. Alimwendea mkunga, akapiga goti moja kwa taabu, goti lake lilikuwa bovu. "Mikono iliyofua ni hii, mama. Kwa hilo nisamehe." Juu ya uzi hakuongeza neno. Akavaa ndala zake, moja, halafu nyingine. Akafika mlangoni, akasimama, akapapasa mifuko kama anatafuta kofia. Kisha akatoka.

Mama Pasi alikunja nguo za watu mpaka zikaisha.

Wahenga walituambia usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mama Pasi hakumtukana mkunga. Alimchukulia cha mwisho alichokuwa nacho cha mwanawe, halafu akampa mtu wa kumchukia badala yake. Hayo aliyajua. Kila alipomwosha mtoto aliyajua, kwa sababu mikono iliyomtoa mtoto huyu salama ilikuwa ni ya yule yule. Alianza kupita njia ya nyuma. Mtu akimwambia "mama, shikamoo," aliitika huku ameinama.

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya siku ya mwisho, jinsi kila kilichofichwa kitakavyoanikwa mchana kweupe. Mama Pasi alilia. Aliomba msamaha kwa maneno yote aliyoyajua na mengine aliyoyabuni, mpaka ubavu ukamuuma, na mwishowe kweli kifua kikawa chepesi. Akajifuta uso kwa kanga ya mtoto. Akajiambia, yameisha, Mungu ameyachukua.

Ibada ilipokwisha akageuka kutoka, akamwona Povu kwenye benchi la nyuma, amemshika bibi mkono. Shati lake la Jumapili lilikuwa limenyooshwa vibaya, mkunjo mmoja mkubwa begani. Zamani Mama Pasi ndiye aliyemnyooshea, kila Jumamosi.

Wepesi wote ule ukamtoka. Na alipokuwa akitembea kurudi nyumbani, akaliona jambo ndani yake ambalo hakutaka kuliona. Mchungaji aliposema kila siri itafunuliwa siku ile, yeye alikuwa ametetemeka, ndiyo. Lakini chini ya kutetemeka palikuwa na kitu kingine, kidogo, cha raha. Alikuwa amefurahi kwamba siku ile iko mbali.

Alitamani ardhi ipasuke, na barabara ilikuwa kavu na ngumu kama kawaida.

Siku iliyofuata, saa ya mapumziko ya mchana, alikwenda kwa Povu. Alimkuta bibi mlangoni kwenye kigoda, na Povu uani anafua mashuka ya bibi.

"Nani huyo?" bibi aliuliza.

"Ni mimi, Mama Pasi. Wa kwa Tajiri. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mkwe wangu hajanisimulia kitu. Ameniambia tu amepumzishwa. Lakini mtaa una mdomo." Bibi alimgeuzia uso pale sauti ilipotokea. "Nimeishi naye huyu. Hana imani, hana bahati, na uji wake una madonge. Ila akisema hakuuona uzi, uzi haukuwepo. Mimi sioni, lakini hilo naliona."

Mama Pasi akapita uani. Povu akasogeza ndoo iliyofudikizwa ili akae, akamchezea mtoto kidole.

"Baba, nimetubu," Mama Pasi alisema.

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu. Jana."

"Nilikuona mgongo unatikisika." Povu alikamua shuka, akalipiga hewani, akalianika. "Sasa unajisikiaje?"

"Nilipata amani. Kidogo."

"Ni vizuri. Mkunga naye amepata?"

Mtoto alianza kuhangaika. Mama Pasi akamfungua mgongoni, akamweka mapajani, akawa na mahali pa kuangalia.

"Uliujua ule uzi," alisema. "Uliujua na hukunitaja. Kwa nini?"

"Nilijua utasema mwenyewe. Ndiyo maana nilivaa ndala polepole. Nikasimama mlangoni nikijifanya natafuta kofia."

"Kofia ilikuwa kichwani."

"Ilikuwa kichwani. Sasa ningefanyaje, binti? Kitu kingine cha kutafuta sikuwa nacho."

Kama angemfokea, Mama Pasi angeweza kujitetea. Alikuwa amejiandaa kufokewa. Alikuwa na maneno ya kapu na kazi na baba wa mtoto. Badala yake akamfuta mtoto udenda.

"Nikuulize kitu, usikasirike," alisema baadaye. "Wewe huamini siku ya hukumu. Hakuna wa kukulipa, hakuna wa kukuchoma. Sasa hizo amri unazishikia nini?"

"Mwulize," bibi akadakia kutoka mlangoni. "Mwulize vizuri. Mimi namwambia kila siku, yeye ni kama mtu anayelipa nauli halafu anatembea kwa miguu."

Povu alicheka, akakaa juu ya jiwe la kufulia. "Sijui kukujibu sawasawa. Labda mkwe wangu ndiye mwenye haki, naye ana akili."

"Sana," bibi alisema.

"Ila huwa nawaza hivi nikiwa nafua. Usiibe. Huko mbinguni, kuna nini cha kuiba? Usishuhudie uongo. Huko wanasema yote yako wazi, utamdanganya nani? Waheshimu baba na mama. Huko hawakojoi kitandani, hawahitaji kukorogewa uji. Naona hizi amri ni za huku. Za vyumba hivi vya kubanana, mtu akijinyoosha anamgonga mwenzake." Akakwangua sabuni kwenye kucha. "Wewe ukikosea, unayo siku ile. Siku ile mambo yatasawazishwa. Mimi sina. Mkunga akifa anaamini shati la mwanawe lilidharauliwa, kwangu mimi ndiyo basi. Hakuna wa kuja kumwambia haikuwa hivyo. Kwa hiyo mimi nina haraka kuliko ninyi."

Maji yalidondoka kutoka kwenye shuka.

"Huyu ataungua," bibi alisema mwishowe, kwa upole usio wa kawaida yake. "Lakini kwenye foleni, binti, wewe uko mbele yake."

Mama Pasi hakurudi kazini mchana ule. Alikwenda moja kwa moja kwa mkunga, haraka, kabla moyo haujapata pa kujificha.

Mkunga alikuwa barazani, anakunja vitambaa vyake vya kazi. Ndani, kupitia mlango ulio wazi, shati lilionekana limetundikwa ukutani kwenye msumari. Uzi mwekundu ulikuwa bado kwenye tundu la pili.

"Karibu, mwanangu. Mbona unahema? Mtoto mzima?"

"Mzima, mama." Hakukaa. "Mama, ule uzi niliufunga baadaye."

"Baadaye lini?"

"Lilipokuwa kambani. Limeshafuliwa. Nilisahau kuufunga asubuhi, mtoto alilia. Mzee Povu hakuona uzi kwa sababu haukuwepo. Mimi ndiye niliyeongopa."

Mkunga aliendelea kukunja kitambaa kilichokuwa mkononi. Alikikunja mpaka kikawa kidogo sana, kisichokunjika tena.

"Wananiambia nitamwona," alisema. "Mchungaji ananiambia, majirani wananiambia. Nami naamini, mwanangu. Naamini kabisa. Lakini hiyo ni huko. Huku nilikuwa na kola."

Nani angesema pole mahali pale, na kwa mdomo upi?

"Na yule mzee amenipigia goti," mkunga aliendelea, kama anazungumza peke yake. "Nikamwacha chini na goti lake bovu. Nikamtukania na marehemu wake." Akanyoosha kidole kuelekea ukutani. "Ingia. Ufungue."

Mama Pasi aliingia. Fundo lilikuwa limekaza, lile fundo lake zuri. Ikabidi asogeze uso, na uso ulipokaribia kola ikamjia ile harufu ya sabuni, safi, isiyo ya mtu yeyote. Ilimchukua muda. Mkunga alimtazama kwa muda wote ule, hakumsaidia, wala hakumharakisha. Uzi ulipofunguka, Mama Pasi akamnyooshea.

"Nenda nao," mkunga alisema. "Mimi wa nini?"

Alipofika chini ya ngazi, mkunga akamwita. Hakumwita kwa huruma. Ilikuwa sauti yake ya kazi, ile aliyotumia kumwambia asukume.

"Wewe. Nguo za huyo mtoto usiwe unazifua zote kwa mpigo. Bakiza moja."

Asubuhi iliyofuata waliongozana kwenda kwa Tajiri, mkunga mbele, Mama Pasi nyuma, na palikuwa na wateja. Mama Pasi alisema tena yale yale, mbele ya yule mwenye kugonga mbao kwa funguo na wengine. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Tajiri alikuna kichwa. "Kumbe nilimfukuza wa kweli nikabaki na wa uongo," alisema, na watu wakacheka, na Mama Pasi akakitazama kile kicheko kinavyompita kutoka mtu hadi mtu. Povu aliitwa. Mkunga alimwomba radhi kwa sauti ya kusikika na wote, na alimwita baba. Povu naye, badala ya kwenda karaini, akamwegemea Tajiri, akamnong'oneza juu ya Mama Pasi na mtoto. Tajiri akasema duka lake si kanisa.

Siku hizi Mama Pasi anapiga pasi mlangoni kwake, kwa pasi ya mkaa, nguo za majirani wachache wasiojali mtaa unasema nini. Akifua za mtoto, anabakiza moja, kigauni ama kofia, na kila akikiweka kando anajisikia mwizi, kama kwamba ushauri ule ulikuwa mali ya mtu mwingine. Uzi ameufunga kwenye nondo ya dirisha. Kuutupa hawezi, kuutumia hawezi. Mvua ya kwanza iliuchujisha, ukaacha mstari mwekundu ukutani, na mwenye nyumba ameuliza ni nini.

Povu anapita hapo kila asubuhi akienda kazini. "Hujambo Mama Pasi," anasema, kwa sauti ile ile ya zamani, na anamchezea mtoto kidole. Mtoto sasa ana meno, anakiuma. Mama Pasi anaitika macho yakiwa kwenye pasi.

Juzi alishindwa kuvumilia. "Baba, hivi ulinisamehe?"

Povu alisimama. Alifikiri, maana hata hapo hakutaka kusema uongo mdogo.

"Nimeamriwa nisamehe," alisema, "basi nasamehe. Ila msamaha hauji kwa siku moja, binti. Nikiikata ile kona nakuona, lile jambo linanirudia, naanza upya. Kufika hapa mlangoni linakuwa limepungua."

"Kuna njia ya mkato," Mama Pasi alisema. "Ile ya nyuma ya soko. Kwa Tajiri ni karibu."

"Naijua," Povu alisema. Akakitoa kidole chake kinywani mwa mtoto, akakifuta kwenye suruali, akaenda zake. Mama Pasi aliinama akapuliza mkaa, akapuliza sana, mpaka jivu likamwingia machoni na akawa na sababu ya kuyafuta.